Fromaji Niliyoikana

Mnisamehe, ninyi vijana mnaoanza kazi ya kulalisha wagonjwa, kama nitawaanzia na aibu yangu badala ya ushujaa wangu. Ushujaa ninao kidogo, ila nimeusimulia mara nyingi mpaka mume wangu huumalizia yeye mwenyewe. Aibu hii sijaisimulia sana. Na ndani yake mna karibu kila kitu ninachojua juu ya kumchagulia mgonjwa wa apandisiti, yaani kidole tumbo, dawa ya kumlalisha.

Naitwa Mama Kahindo. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilikaa upande wa kichwa cha meza ya upasuaji, katika hospitali ndogo hapa Goma, kwenye barabara inayopanda kwenda Munigi. Daktari hukaa upande wa tumbo, na ndiye anayeshukuriwa. Kazi yangu mimi ilikuwa mtu asisikie maumivu, apumue, kisha aamke. Akishaamka, wa kwanza kumuulizia ni daktari. Zoeeni hilo mapema, litawapunguzia uchungu.

Siku ninayoisema haikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu kustaafu. Asubuhi niliamka na maumivu juu ya kitovu, maumivu yasiyo na adabu, hayatulii wala hayakai mahali pamoja. Mimi huyu huyu nimewafundisha wanafunzi wengi kwamba apandisiti mara nyingi huanza hapo katikati, kisha baada ya saa kadhaa huteremka chini upande wa kuume. Lakini kwa kuwa mgonjwa alikuwa mimi, nilijiambia ni gastriti tu, tumbo linataka chakula. Mezani kulikuwa na fromaji ya Masisi, ile jibini ya duara, tuliyoletewa na shemeji. Nikakata kipande. Nikakata kingine. Nikala na viazi vitamu vilivyobaki jana, nikashushia na chai ya maziwa.

Mume wangu, Papa Deo, mwalimu mstaafu asiyejua kuficha neno, alinitazama juu ya miwani yake.

"Mama Kahindo, mugonjwa wa gastriti njo anakula vile?"

"Njo dawa yake," nikamjibu.

Kufika saa sita, maumivu yalikuwa yameshuka mahali pale pale ninapowafundisha watu. Nilitapika maji kidogo mara mbili. Kila hatua ikawa inanichoma. Papa Deo akaita pikipiki, nikapanda nyuma, naye akanifuata kwa nyingine. Nataka mlishike hili: mkitaka kujua kama tumbo limewaka ndani, mpandisheni mgonjwa pikipiki juu ya mawe ya Goma. Nilipofika hospitalini nilikuwa nimeshajipima mwenyewe bila mashine yoyote, na dereva maskini alikuwa amesikia matusi ambayo mama wa parokia hapaswi kuyajua.

Dokta Innocent, mpasuaji wetu, alinibonyeza tumbo mara moja, akaachia ghafula. Nikaruka.

"Ni apandisiti, Mama. Tunaitoa leo," akasema, huku akijaribu kutocheka.

Aliyekuwa zamu ya kulalisha siku hiyo ni Neema. Neema ni msichana wa milima ya Masisi, sauti yake ni ya chini hivi kwamba lazima unyamaze ili umsikie. Nilimfundisha mimi. Wakati mmoja nilimtoa nje ya chumba cha upasuaji mbele ya wenzake kwa sababu hakuwa ameijaribu taa ya kutazamia koo kabla mgonjwa hajaingia. Alilia, akarudi, na tangu hapo sijawahi kuikuta taa ya Neema haiwaki. Sasa alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda changu, daftari mkononi.

"Mama, ulikula mara ya mwisho saa ngapi?"

Nikamwangalia machoni. Nikasema, "Tangu jana mangaribi sijatia kitu kinywani."

Ngojeni niwaeleze jinsi uongo huo ulivyokuwa mkubwa.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa muzee Paluku, mtu wa Butembo, mfupi, mpole, koti lake linanuka etere, ile dawa ya kulalisha ya zamani, hata siku ya misa. Enzi zake walikuwa na etere, barakoa, na masikio. Alisikiliza pumzi ya mgonjwa kama mtu anayesikiliza redio. Katika mwezi wangu wa pili wa kazi aliletwa fundi mjengaji aliyekuwa akijenga ukuta wa mawe kule Himbi. Apandisiti. Nikamuuliza kama amekula, akaapa kwa jina la mama yake kwamba hajala. Nikaandika "hajala" kwa mwandiko mzuri. Tulipomlalisha tu, koo lake likaleta maharagi. Maharagi mazima, vijana wangu, na mchuzi wake. Mimi niligeuka jiwe. Muzee Paluku akamgeuza kichwa upande, akapaza sauti meza iinamishwe kichwani, akakanyaga ile pampu ya mguu ya kunyonya uchafu kama mtu anayecheza ngoma. Fundi akawa wa buluu midomoni. Kisha akakohoa, akavuta pumzi ndefu, na rangi ikarudi. Aliondoka hospitalini akiwa mzima, lakini baada ya siku nyingi za kikohozi kibaya.

Jioni ile muzee Paluku hakunigombeza. Alinionyesha neno nililoandika, "hajala," akalikata kwa kalamu.

"Binti, mutu wa tumbo umuhesabu sawa mutu ameondoka mezani sasa hivi. Hata akikuapia. Tumbo yenye kuuma haisagi chakula. Ile alikula jana inaweza kuwa ingali pale."

Nililirudia somo hilo kwa kila mwanafunzi, kwa sauti kali kuliko ya muzee. Na sasa nilikuwa nimelala nikimwambia Neema uongo ule ule wa fundi. Kwa nini?

Kwa sababu nilitaka kulala. Ndivyo ilivyo. Nilijua kwamba nikisema nimekula, Neema atachagua rashi, ile sindano ya mgongo inayoua maumivu kuanzia kifuani kwenda chini huku mtu akiwa macho. Nami nilikuwa nimewachoma watu wengi sana sindano hiyo nikiwaambia, "Ni kidogo tu, Mama, usitikisike." Nilijua kila sauti ya chumba kile: makasi yakiwekwa kwenye sahani, mtu akisema "eh" kwa sauti isiyopendeza. Sikutaka kusikia "eh" juu ya tumbo langu. Tena sikutaka wenzangu wote wauone mgongo wangu mtupu nikiwa nimejikunja kama mkate. Nilitaka ketamini, nifumbe macho Goma na kuyafumbua Goma, mambo yawe yamekwisha.

"Basi unipe ketamini," nikamwambia Neema. "Tumbo ni tupu. Hakuna shida."

Neema aliandika kitu, akanipima presha, akavuta ngozi ya mkono wangu kuona kama nimekaukiwa maji. Ndipo Papa Deo akaingia na chupa ya maji na kitenge changu. Akamsalimu Neema kwa heshima zote, kisha akasema, kwa wema wake wote:

"Dada, umuangalie muzuri, yuko na nguvu. Asubuhi amemaliza fromaji yote."

Neema aliweka kalamu chini polepole.

"Fromaji gani, Papa?"

"Ya Masisi! Na biazi. Na chai."

Nilifunika uso na kitenge. Nilisikia Papa Deo akiuliza, "Nimesema mubaya?" na Neema akimjibu, "Hapana, Papa, umesema muzuri sana." Kisha akamtoa nje kwa adabu, akarudi, akafunua kitenge kidogo upande wa jicho langu.

Nilikuwa tayari kwa makelele yangu mwenyewe, yale ambayo ningempigia mgonjwa. Hayakuja. Aliniuliza tu, kwa ile sauti yake ya chini, "Mama, unaogopa nini?"

Katika miaka yote ile, sikuwahi kumuuliza mgonjwa swali hilo. Nilikuwa nauliza: umekula nini, umepasuliwa lini, unatumia dawa gani, una kidonda mgongoni, damu yako hukawia kuganda? Maswali mazuri, myaulize yote. Lakini kama ningemuuliza yule fundi anaogopa nini, huenda angesema ukweli juu ya maharagi.

Nikamwambia yote. Kuwa macho. Sauti. Mgongo. Nikalia kidogo, na kila nikilia tumbo linachoma, ikabidi niache.

Neema akanieleza kama mtu asiyejua lolote, nami nikasikiliza kama mtu asiyejua lolote. Akasema presha yangu ni nzuri, apandisiti inaonekana haijapasuka, mgongo wangu hauna kidonda. Ningeletwa na tumbo lililopasuka, presha iko chini na mikono baridi, asingenigusa mgongo, maana rashi ingeishusha presha hata zaidi. Hapo angenilalisha na kunipitishia bomba kooni, fromaji au si fromaji. Lakini sikuwa hivyo. Nilikuwa mtu mwenye tumbo lililojaa, koo linaloweza kujilinda lenyewe nikibaki macho, na hospitali yenye mashine moja ya oksijeni inayozimika umeme ukizimika.

"Tena Mama," akaongeza, na hapo nikaona kicheko kinamtoroka, "unajua ketamini inasemesha batu. Uko na kitu hutaki Dokta asikie?"

Hapo alinipata. Mnajua ketamini. Nimemsikia mzee wa kanisa, mtu wa kufunga na kusali, akiimba wimbo wa baa kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kukosea ubeti. Na mimi nilikuwa na neno langu juu ya Dokta Innocent, neno nililoliweka moyoni muda mrefu: kwamba ni mpasuaji hodari, lakini anashona ngozi kama mtu anayefunga gunia la viazi. Nikajiona nimelala, kinywa wazi, nikilisema lote mbele ya wauguzi.

"Fanya rashi," nikasema.

Hakuifanya palepale. Mimi ningeharakisha, nakiri. Nilikuwa mtu wa kusema twende, twende. Yeye alining'inizia serumu ya kwanza, chupa ya maji ya mshipani, akangoja iishe, akaning'inizia ya pili, akataka nikojoe kwanza aone. Nikanung'unika. "Mama, ulikauka," akasema. "Rashi haipendi mutu mukavu." Kisha akaniingiza chumba cha upasuaji.

Na hapo juu ya meza yake ndogo nikaona kitu kilichonifurahisha kuliko dawa. Pembeni mwa sindano ya mgongo alikuwa ameshapanga ketamini ndani ya bomba la sindano, bomba la kooni, taa ya koo ikiwaka, na ile pampu ya mguu chini karibu na kiatu chake. Rashi inaweza kukataa. Inaweza kushika nusu. Mtu anayechoma mgongo bila kuwa na njia ya pili mkononi anacheza na roho ya mtu. Neema hakuwa anacheza.

Wakaniketisha. "Kunja mugongo, Mama, sawa paka yenye hasira."

Ni maneno yangu hayo. Nimeyasema mara nyingi na kuyaona yana maana. Nawaambia sasa: mtu mwenye apandisiti akiambiwa akunje mgongo, tumbo lake linamwambia hapana. Nilikunja kichwa tu, mgongo ukabaki wima kama mlango. Sindano ikagonga mfupa. Nikaruka. Akajaribu tena, ikagonga tena. Nikaanza kutetemeka, na nilijua, kwa kuwa nimeliona mara nyingi, kwamba mgonjwa akishaanza kutetemeka mlalishaji huanza kukasirika, na mambo huharibika kwa wote wawili.

Neema akaacha. Akatoka nyuma yangu, akaja mbele, akainama mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Sasa sitakuambia usitikisike," akasema. "Nitakuambia kila kitu mbele kifike. Nikisema baridi, itakuwa baridi. Nikisema kuchoma, itachoma. Sitakudanganya hata mara moja. Wewe pumua tu."

Nilijua neno "kudanganya" lilikuwa langu na nililistahili. Akanipa mto niukumbatie, akamweka muuguzi mmoja mbele yangu nimwegemee paji la uso begani, akarudi nyuma.

"Baridi." Ikawa baridi.

"Kidole changu." Kikawa kidole.

"Kuchoma, sawa siafu." Ikachoma, sawa na siafu.

"Kusukuma, haiumi." Ikasukuma, haikuuma. Na mgongo wangu, bila mimi kuuambia, ukalegea, ukajikunja. Nikamsikia Neema akivuta pumzi. "Maji imetoka, Mama. Muzuri sana." Hayo maji ya uti wa mgongo yakitoka yakiwa meupe, mko mahali penyewe.

Joto lilishuka miguuni kama nimeiingiza katika beseni la maji ya moto. Wakanilaza. Akapitisha pamba yenye alkoli tumboni mpaka kifuani akiuliza wapi nasikia baridi. Alipofika chini ya matiti nikasema hapo. Akamwitikia Dokta Innocent kwa kichwa, naye akaanza.

Maumivu hayakuwapo. Kulikuwa na kuvutwavutwa, kama mtu anatafuta funguo ndani ya mkoba wangu. Kisha Dokta alipoishika apandisiti yenyewe na kuivuta, kichefuchefu kikanipanda ghafula, masikio yakaziba, na nikasikia kile kifaa cha kidoleni, kinachofuata mapigo ya moyo, kinapiga polepole, polepole zaidi. Nilijua ni nini: utumbo ukivutwa, moyo hupunguza mwendo. Nikapiga kelele kutoka nyuma ya pazia:

"Atropini! Neema, atropini!"

"Nimeshaweka, Mama," Neema akasema sikioni mwangu. "Nyamaza. Leo mugonjwa ni wewe."

Chumba kizima kikacheka. Dokta Innocent aliacha kuvuta, akangoja, akicheka mpaka mabega yanatikisika. Kifaa kikarudi mwendo wake. Kichefuchefu kikashuka. Nikageuza uso ukutani, machozi yakatoka, na hayakuwa ya maumivu wala ya hofu. Nilikuwa nimemsahihisha msichana huyu kwa miaka minne, na alikuwa amenitangulia.

Walinionyesha hiyo apandisiti kwenye sahani: nyekundu, imevimba, mbaya kama mdudu aliyekula sana. Hakuna aliyesema "eh." Dokta alishona, nami nilisikia kila uzi ukipita, nikauma midomo nisitoe maoni. Kovu langu lipo. Ni la gunia la viazi, kama nilivyotarajia, lakini gunia halijawahi kumwaga.

Papa Deo aliruhusiwa kuingia wodini nikiwa bado nasubiri miguu yangu irudi. Alisimama mlangoni, amejaa hatia.

"Unakasirika juu ya fromaji?"

"Keti hapa," nikamwambia. "Usijifunze kudanganya kamwe."

Nilirudi kazini baada ya wiki kadhaa. Nilibadilisha mambo mawili tu, na ninawaachia. La kwanza, baada ya "umekula nini?" niliongeza "unaogopa nini?" na nikangoja jibu. Mkiuliza huku mnatazama saa, hamtajibiwa. La pili, niliacha kusema "usitikisike." Nilisema kinachokuja, kwa jina lake, kabla hakijafika.

Mgonjwa wa kwanza wa apandisiti baada ya kurudi kwangu alikuwa mama anayeuza samaki sokoni Kituku, mwanamke mpana mwenye sauti ya soko. Tumbo lake lilikuwa limejaa, presha nzuri, mgongo safi. Rashi ilimfaa kabisa. Nilipomuuliza anaogopa nini, hakungoja.

"Hiyo sindano! Batu banasema inabakiza tundu mu mugongo, na nguvu yote inapitia pale. Nyinyi munajua tu kuchoma wengine. Weye ulishachomwa?"

"Nilichomwa. Si zamani."

"Bongo! Unanidanganya!"

Nikafunga mlango. Nikamgeuzia mgongo, nikainua blauzi yangu mpaka mabegani. "Tafuta tundu."

Akaja karibu. Alikuwa na apandisiti, alitembea amejikunja, lakini alikuja. Akapitisha kidole juu ya uti wa mgongo wangu, mfupa kwa mfupa, kwa umakini wa mtu anayekagua samaki kama ni wa leo. Akarudia. Akaniambia nisogee kwenye mwanga wa dirisha, nikasogea. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akiuliza "Hapa?" nami nikijibu "Chini kidogo."

Mlango ukafunguliwa. Dokta Innocent alikuwa amesimama pale, amenawa mikono, ameiinua juu inadondosha maji. Akamtazama mgonjwa. Akanitazama mimi na blauzi yangu shingoni.

"Samahani," akasema. "Leo tunapasua nani?"

Mama wa Kituku akashika tumbo lake kwa mikono miwili kwa jinsi kicheko kilivyomuuma, akapanda mezani mwenyewe, akakunja mgongo.